Kufungua laini si kufungua butiloda

Wiki hii wamekuja wanne. Wote wameshika simu zilizouzwa na kampuni za simu za Marekani, wote wana ujumbe unaosema deni limekwisha na simu imefunguliwa, na wote wameuliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Fundi, si imeshafunguliwa hii? Mbona inakataa romu?" Romu, kwa asiyejua, ni mfumo mwingine unaowekwa mahali pa ule wa kiwandani. Watatu wa mwanzo niliwajibu kwa upole. Wa nne nilimwambia aniache kwanza niandike, nikimaliza atasoma.

Imefunguliwa nini? Hilo ndilo swali ambalo hakuna anayejiuliza kabla ya kunifuata. Neno "kufungua" limetuponza. Simu ya mkataba ina makufuli mawili yasiyojuana hata kwa salamu: la laini, na la butiloda, yaani programu inayouamsha mfumo wa simu. Limewekwa kila moja mahali pake, kwa sababu yake, na ufunguo wa hili hauingii kwenye lile.

Kufuli la laini linakaa kwenye modemu, sehemu ya simu inayoongea na mtandao. Ukiweka laini, modemu inasoma IMSI, namba inayoitambulisha laini, inatazama tarakimu tano au sita za mbele (tatu ni za nchi, zinazobaki ni za mtandao), kisha inalinganisha na orodha iliyoachwa na aliyekuuzia simu. Zikiafikiana, unapata mtandao. Zisipoafikiana, unadaiwa namba ya kufungulia. Basi, kazi yake imeishia hapo. Haliulizi una Android ipi wala kama umeruti (umejipa mamlaka yote juu ya mfumo) au hujaruti.

Butiloda ni hadithi nyingine. Ndani ya chipu kuna msimbo uliochomwa kiwandani ambao hata aliyeutengeneza hawezi kuubadilisha tena. Ukiwasha simu, ndio unaoamka kwanza. Unakagua saini ya programu inayofuata kwa kutumia alama ya ufunguo iliyochomwa kwenye fyuzi za chipu, sehemu zinazoandikwa mara moja tu. Programu hiyo ikipita, nayo inakagua inayofuata, hadi zamu ya butiloda inayokagua kerneli (kiini cha mfumo) na mfumo wenyewe wa Android. Kufungua butiloda ni kuiruhusu hiyo ya mwisho ipokee kitu kisicho na saini ya kiwandani. Ngazi za chini yake haziguswi, ndiyo maana hata simu iliyofunguliwa bado haikubali butiloda ya kujitengenezea nyumbani.

Sasa mtu ananiambia, "Fundi, nitafutie kodi," yaani namba ya kufungulia. Ya laini ni tarakimu chache zinazotolewa kwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, na wako watu wanaoishi kwa kuziuza. Kwa butiloda, wapo watengenezaji kama Motorola na Sony wanaotoa kodi kupitia tovuti zao, kwa simu wanazozitaka wao. Lakini simu ambayo mtengenezaji wake hatoi kodi inalindwa na saini, na ufunguo wa saini hiyo wa aina ya RSA, wenye biti 2048, ni namba ya tarakimu 617. Hakuna kijana mwenye kompyuta atakayeibahatisha kati ya leo na Jumatatu. Anayekuuzia kodi ya simu ya namna hiyo anakuuzia upepo, na ukimlipa mara mbili kosa si lake peke yake.

Mfano ninaoupenda ni wa Samsung, kwa sababu unaimaliza hoja yote kwa herufi moja. Galaxy za Marekani zenye chipu ya Snapdragon huja na namba ya modeli inayoishia na U zikiuzwa na kampuni ya simu, na U1 zikiuzwa bila kufungwa kwenye mtandao wowote. Hiyo U1 haijawahi kuwa na kufuli la laini hata siku moja. Imetoka kwenye kasha ikiwa huru, inapokea laini ya mtandao wowote. Butiloda yake? Imefungwa kama ya dada yake U, na imekuwa hivyo tangu enzi za Galaxy S7 mwaka 2016. Kama kufungua laini kungekuwa kufungua butiloda, U1 zote zingekuwa wazi. Nimeshamweleza mtu hili, akatikisa kichwa kwa kuelewa, halafu akauliza: "Kwa hiyo nikilipa nipate U1 ndiyo itafunguka?" Nikanywa maji kwanza.

Lakini nikiri, imani hii ya makosa haikuanguka kutoka mbinguni. Ina mzazi, na mzazi wake ni Pixel, simu ya Google.

Kwenye Pixel kuna swichi ya OEM, ndiyo inayoruhusu butiloda ifunguliwe, imefichwa ndani ya chaguo za wasanidi programu. Ikiwa imefifia, haibonyezeki, na maandishi ya chini yake yanakutaka uunganishe intaneti au uwasiliane na kampuni yako ya simu. Simu inauliza seva kama IMEI hiyo inaruhusiwa. Pixel iliyonunuliwa Google moja kwa moja hujibiwa ndiyo. Iliyouzwa na kampuni ya simu ya T-Mobile hujibiwa hapana mpaka deni liishe na laini ifunguliwe. Baada ya hapo swichi hukubali. Ukiwa na hiyo, umeona kwa macho yako: laini imefunguka, butiloda nayo ikafunguka. Nani atakushawishi kwamba ni makufuli mawili? Na utaenda kumwambia rafiki yako, naye ana Pixel iliyouzwa na Verizon, ambayo laini hufunguliwa vizuri kabisa na swichi hubaki imefifia mpaka simu inakufa. Kuirudisha kiwandani mara kumi hakusaidii, maana jibu halitoki kwenye simu.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye chuma. Ni simu ile ile, chipu ile ile, kiwanda kile kile. Tofauti ni sera ya muuzaji iliyoandikwa kwenye seva. Hili ndilo linalowachoma watundu wa simu kuliko kitu kingine chochote, na mimi ni mmoja wao. Ukikosa kitu kwa sababu hakiwezekani, unakubali. Hapa unakikosa ilhali jirani yako anacho kwenye simu pacha wa yako.

Haikuanza jana. HTC ilipotangaza Mei 2011 kwamba haitazifunga tena butiloda, watu walisherehekea. Mwaka uliofuata ikatoka One X, na ile iliyouzwa na AT&T ikaachwa nje ya utaratibu wa kufungua. Mtengenezaji alikuwa tayari. Muuzaji hakuwa tayari. Pixel ya kwanza ya Verizon, mwaka 2016, ilipatikana njia ya kuifungua ndani ya wiki chache kupitia kasoro ya usalama, na sasisho la Novemba likaiziba. Walioahirisha kwa siku mbili tatu wakabaki wakiangalia. Siku hizi hata ukipata kasoro ya zamani, kinga dhidi ya kurudi nyuma inakataa toleo la jana, na mara nyingine fyuzi inaungua kabisa na hairudi tena.

Wengine huja na sheria. "Marekani waliruhusu kufungua simu!" Ndiyo, na soma waliruhusu nini. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2014 inahusu kuunganisha simu na mtandao mwingine, yaani laini. Kuhusu programu kuna msamaha mwingine chini ya sheria ya hakimiliki, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2010: hutashtakiwa kwa sheria hiyo ukivunja kinga ya simu yako ili uweke programu halali. Zingatia neno "ukivunja". Mwenye mlango hajaamriwa akupe ufunguo. Umeruhusiwa kupiga shoka, na mlango ni wa chuma. Nimebishana na watu wazima kuhusu aya hii moja kwa saa nzima, na bado wananitumia kiungo cha habari ile ile ya 2014.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wenzangu hawapendi niiseme. Sina uhakika kwamba kila kufuli la butiloda ni uonevu. Ukifungua, data zote zinafutwa, na hiyo ni kinga ya haki dhidi ya mwizi. Lakini baada ya hapo simu inabaki katika hali ya chungwa, yaani haikagui tena saini ya mfumo, na mtu yeyote anayeishika kwa dakika chache akiwa na kebo anaweza kuibadilishia mfumo bila wewe kujua. Onyo linalotokea kila ukiwasha halipo kwa mapambo. Tena kampuni iliyokukopesha simu ina haki ya kuogopa kwamba mdaiwa atafuta programu inayolinda mkopo. Hapo nawaelewa kabisa. Nisichoweza kukitetea ni kufuli linalobaki baada ya deni kuisha, na kama wangeshindwa kiufundi ningenyamaza, ila T-Mobile wanatuonyesha kila siku kwamba inawezekana.

Pia nusu ya wanaonifuata hawahitaji kufungua chochote. Wanataka kuondoa programu za kampuni zilizokuja na simu, jambo ambalo adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, hulifanya bila kugusa butiloda wala kuruti. Wakifungua, programu za benki zinaanza kugoma kwa sababu Play Integrity, ukaguzi wa usalama wa Google, inaona mnyororo wa saini umekatika, na kwenye Samsung fyuzi ya Knox, mfumo wake wa usalama, inaungua, huduma ya malipo ya Samsung Pay inaondoka na hairudi hata ukifunga tena. Kuhusu kufunga tena: usifanye hivyo ukiwa na romu isiyo na saini inayotambuliwa. Nilifanya, usiku, kwa haraka, nikijiona nimebobea. Nikapata tofali zuri jembamba lenye kamera tatu. Kuna mifumo kama GrapheneOS inayokubali kufungiwa kwa ufunguo wake yenyewe, na inachagua Pixel kwa sababu Pixel inaruhusu hilo. Simu nyingi haziruhusu.

Na mwelekeo si mzuri. Huawei iliacha kutoa kodi mwaka 2018. LG ilifunga ukurasa wake wa kufungulia mwishoni mwa 2021. One UI 8, toleo la mfumo wa Samsung, ilipokuja mwaka 2025, Samsung iliiondoa swichi hata kwenye simu za masoko mengine zilizokuwa nayo. Xiaomi imewahi kuwasubirisha watu saa 168, na mimi nimekuwa mtu wa kushukuru nikiambiwa nisubiri wiki, kitu ambacho miaka kumi iliyopita kingenifanya nipasue meza.

Kwa hiyo ukinunua simu iliyotumika kwa nia ya kuitia romu, usiulize kama imefunguliwa. Muuzaji atakujibu ndiyo, na atakuwa anasema kweli. Iunganishe na intaneti, ingia kwenye chaguo za wasanidi, gusa swichi ya OEM kwa kidole chako mwenyewe. Kwenye Xperia za Sony piga *#*#7378423#*#* uangalie hali ya kuruti. Ikiandika No mbele ya ruhusa ya butiloda, mrudishie mwenyewe. Kwenye Galaxy tazama herufi ya mwisho ya modeli. Na kama una kompyuta karibu, swichi ikikubali iwashe, kisha iingize simu kwenye fastboot, hali ya kuiamuru butiloda kwa kebo, uandike:

fastboot flashing get_unlock_ability

Ikijibu 1, tuzungumze. Ikijibu 0, hata mafaili ya romu usiyapakue, utamaliza bando bure.

Ya yule wa nne ilijibu 0. Ni ya kampuni isiyofungua hata deni likiisha, nimemwonyesha, amesoma mwenyewe. Amesema ataiacha kwenye Wi-Fi usiku kucha, huenda asubuhi ikaamka na 1.