Jie si adhabu

Mdogo wangu amemaliza juzi tamthilia ya Kichina ya vipindi 58 iliyotokana na riwaya ya Tang Qi, Sansheng Sanshi Shili Taohua, akanijia na swali ambalo nimeshalisikia mara nyingi mno: "Dada, Su Su aliadhibiwa kwa kosa gani?" Su Su ndiye mhusika mkuu, na anateswa vibaya. Kabla yake rafiki yangu mmoja alishaniambia kwamba mateso yake yote ni malipo ya dhambi za maisha yaliyopita. Mwingine akasema ni laana. Nami siku hizo nilikuwa nairudia riwaya yenyewe kwa mara ya tatu, na neno lililokuwa likinisimamisha ni hilohilo wanalolipotosha: jie.

Kwa ufupi, jie (劫) katika riwaya hizi za miungu na watafuta uzima wa milele ni msukosuko mkubwa unaomfika mtu au kiumbe wa mbinguni akiwa kwenye kizingiti cha daraja jipya. Huweza kuja kama radi, au kama maisha mafupi ya kibinadamu hapa duniani, au kama mapenzi yanayomvunja mtu vipande. Hayo ya mapenzi huitwa qingjie. Akiuvuka, anapanda daraja. Akishindwa, huenda akaangamia. Maana yake ni hiyo tu. Watu wanapopotea ni kwenye asili ya neno.

Herufi yenyewe, kabla dini haijaigusa, ilimaanisha kupora kwa nguvu. Hadi leo Mchina akisema qiangjie anazungumzia unyang'anyi, na jieji ni kuteka ndege. Ni rahisi basi kudhani kwamba jie ya riwaya imetoka hapo, kwamba mbingu zinamvamia mtu na kumpora. Sivyo. Vitabu vya dini ya Buddha vilipoanza kutafsiriwa kwa Kichina, watafsiri walikutana na neno la Kisanskriti, kalpa, ambalo halikuwa na mwenzake. Wakalichukua kwa sauti yake, wakaliandika jiebo, kisha likafupishwa likabaki jie. Leo sauti hizo hazifanani, lakini zamani herufi ile ilianza kwa k na kuishia kwa p. Wakantoni bado wanaitamka gip. Uporaji ulikuwa maana ya herufi waliyoiazima, na walichokihitaji kwake kilikuwa sauti.

Na kalpa ni nini? Ni muda. Wahindu huihesabu kuwa miaka 4,320,000,000. Buddha alipoulizwa urefu wake hakutaja hesabu, alitoa mfano: mlima wa jiwe moja, usio na ufa, wenye urefu na upana wa yojana moja, kipimo cha kale cha Kihindi cha kilomita kadhaa, na mtu anaupangusa kwa kitambaa laini mara moja kila miaka 100. Mlima utakwisha kabla kalpa haijakwisha. Kwa Wavietnamu, walioipata herufi hiyohiyo kutoka China, kiepu yao (huiandika kiếp) mpaka leo ni maisha mamoja ya mtu, haya ya sasa au yale yaliyotangulia. Muda, kwa mara nyingine. Hakuna hakimu humo wala kosa.

Muda uligeukaje kuwa msiba? Kwa sababu kila kalpa ina mwisho, na mwisho huo ni moto, maji au upepo vikiisambaratisha dunia kabla haijaumbwa upya. Kuna kisa cha kale ninachokipenda sana. Mfalme Wu wa nasaba ya Han aliagiza lichimbwe ziwa la Kunming karibu na Chang'an, mji wake mkuu, na wachimbaji wakakuta chini kabisa majivu meusi. Hakuna aliyejua yametoka wapi. Baadaye sana mtawa aliyetoka upande wa magharibi, anayejulikana kwa Kichina kama Zhu Falan, akaulizwa, akajibu kwamba ni majivu ya dunia iliyotangulia, iliyoungua kalpa yake ilipofika mwisho. Majivu hayo yakapata jina, jiehui. Hapo unaliona neno likihama mbele ya macho yako: kwanza ni muda, kisha mwisho wa muda, kisha janga lenyewe.

Sisi tunalo neno lililotembea njia ya jirani. Balaa tumelitoa Kiarabuni, na huko shina lake ni kujaribiwa, kupimwa. Kwetu kipimo kimesahaulika, yamebaki maafa. Ndiyo maana nadhani Mswahili ana uwezo wa kuielewa jie kuliko anavyojidhania, akikumbuka tu kwamba anayefikwa na balaa si lazima awe ametenda jambo.

Ukilishika hilo la muda, riwaya nzima inabadilika. Jie ina saa yake, kama kalpa ilivyo na saa yake. Bai Qian, kiumbe wa mbinguni ambaye baadaye ndiye anayekuwa Su Su, alipokuwa mwanafunzi wa Mo Yuan, amejificha katika umbo la kijana wa kiume, radi zilikuja kumtafuta kwa sababu wakati wake wa kupanda daraja ulikuwa umefika. Hakuwa ameiba wala kuua. Mwalimu wake akasimama mahali pake akazipokea yeye. Ukisoma kwamba ni adhabu, Mo Yuan anaonekana anamkinga mhalifu; ukisoma kwamba ni jie, unaona mwalimu aliyejua saa ya mwanafunzi wake imewadia na bado hajawa tayari.

Ninakiri kwamba usomaji wa kwanza unampotosha mtu kwa haki. Riwaya inafungua na Su Su, mwanamke wa kawaida wa mlima Junji asiye na ukoo wala kumbukumbu, anayependwa na Ye Hua, mwana wa mfalme wa mbinguni, anayepelekwa mbinguni, anayesingiziwa na Su Jin, mwanamke anayemwonea wivu, anayeng'olewa macho, anayejifungua, kisha anajitupa kutoka jukwaa la Zhuxian. Bado hujui kwamba ni Bai Qian aliyefungwa nguvu zake. Unaona mateso tu, na moyo wa msomaji unatafuta kosa. Mara ya pili unajua huyu ni nani, na kurasa zilezile zinasomeka kama mtu anayevuka mto wa giza bila kujua kwamba kuna ng'ambo. Wachina husema hivyohivyo: dujie, kuvuka jie, na herufi ya du imeandikwa na matone ya maji ubavuni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukilisimulia tena usiseme Su Su aliadhibiwa. Sema alikuwa katika mtihani wake, au jie yake ilimfika. Hukumu ya macho ilitolewa kama adhabu, ni kweli, tena kwa uonevu, na kuitwa jie hakumsafishi aliyeisababisha. Bai Qian alipokumbuka yote hakusema yalishapita kwa kuwa yalikuwa njia ya kupanda daraja. Alimwendea Su Jin, aliyekuwa amepewa macho yale, akayachukua tena yakawa yake.