Joto la mabaki: joto linalobaki kinu cha nyuklia kikishazimwa

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipoipiga Japani, vinu vitatu vilivyokuwa kazini Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe, kama vilivyoundwa. Hata hivyo, vyote vitatu viliyeyuka. Sababu yake inaitwa joto la mabaki.

Ndani ya kinu, atomu za urani hupasuka na kutoa joto. Fito za kudhibiti zikiingizwa katikati ya fueli, mipasuko hukoma ndani ya sekunde chache. Lakini vipande vya atomu zilizokwisha kupasuka havijatulia: vinaendelea kutoa mionzi, na mionzi hiyo hugeuka joto. Mwanzoni joto hilo huwa karibu asilimia 6 au 7 ya nguvu ya kinu. Baada ya siku nzima bado ni kama nusu asilimia. Usiidharau: kwa kinu chenye joto la megawati 3,400, hiyo ni megawati 17, sawa na birika za umeme zaidi ya 8,000 zikichemka kwa pamoja usiku na mchana.

Unaweza kulifananisha na makaa yaliyofunikwa na majivu, ila makaa ukiyamwagia maji yanazimika. Joto hili halizimwi. Maji hulibeba tu na kuliondoa, mpaka lipungue lenyewe.

Fukushima, tetemeko lilikata umeme wa gridi, jenereta za dizeli zikashika zamu. Chini ya saa moja baadaye, tsunami ikagharikisha jenereta na makabati ya umeme. Kimoja baada ya kingine, vinu vikakosa njia ya kupoozwa.

Ndiyo maana nikisikia kinu kinasifiwa kuwa cha kizazi kipya, nauliza kwanza: umeme ukikatika kote, joto la mabaki litapita wapi? AP1000, muundo wa Kimarekani unaofanya kazi Sanmen nchini China na Vogtle jimboni Georgia, una tangi la maji juu ya jengo lake. Maji hushuka kwa uzito wake na kulowanisha ganda la chuma linalozingira kinu, kwa saa 72, bila kuhitaji mkono wa mtu. Shidao Bay, China, kinu kilichoanza kazi ya kibiashara Desemba 2023, kimenivutia zaidi. Fueli yake imo ndani ya mipira ya grafiti yenye upana wa sentimita 6, inayostahimili joto kali sana, na kinu ni kidogo kiasi kwamba joto hupenya kuta na kutoka lenyewe. Mwaka 2023 wahandisi walikikatia upoozaji kikiwa kazini. Kilipoa polepole, bila msaada.