Mionzi ya eksirei haibaki mwilini: maswali na majibu, kwa heshima ya waliotangulia

Tarehe 8 Novemba kila mwaka sisi wa vyumba vya picha huwakumbuka waanzilishi wa fani yetu. Bahati mbaya, habari za vifo vyao ndizo wagonjwa wengi wanazozishika kuwa sababu ya kukataa kipimo.

Eksirei ni nini?
Ni mionzi inayopenya nyama kirahisi na kuzuiliwa na mifupa. Kwenye picha mfupa huwa mweupe, mapafu yaliyojaa hewa huwa meusi.

Nani aliigundua?
Wilhelm Conrad Röntgen, huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Desemba 22 alimwekesha mkewe, Anna Bertha, mkono juu ya bamba la picha kwa takriban robo saa. Ikatokea mifupa ya vidole, na pete imekizunguka kimoja. Röntgen hakuchukua hataza, akaiacha dunia nzima itumie ugunduzi wake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia.

Ni kweli mionzi iliwaua waanzilishi?
Wengi, ndiyo. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison nchini Marekani, alikuwa akijaribu mitambo kwa kuweka mikono yake mwenyewe kwenye mionzi, siku baada ya siku. Ngozi ikaungua, vidonda vikageuka saratani, akakatwa mikono yote miwili, na mwaka 1904 akafariki. Daktari John Hall-Edwards wa Birmingham, Uingereza, alikatwa mkono wa kushoto mwaka 1908. Mwanasayansi Marie Curie, aliyepeleka magari ya eksirei kwa majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza, alikufa mwaka 1934 kwa uboho kushindwa kutengeneza damu. Mwaka 1936 mnara wa kuwaenzi ulizinduliwa Hamburg, Ujerumani, ukiwa na majina zaidi ya 150.

Basi kwa nini nisiogope?
Kwa sababu hufanyiwi walichojifanyia wao. Wao hawakuwa na kinga wala kipimo cha kujua wamepata mionzi kiasi gani. Wewe unapigwa picha ya kifua kwa sehemu ndogo ya sekunde, na unapata milisivati (kizio cha kupimia mionzi mwilini) 0.1 au pungufu. Ardhi, anga na chakula humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha hiyo haizidi mionzi ya asili ya wiki mbili hivi.

Mionzi ikiingia si inabaki mwilini?
Hapana. Mtambo ukizimwa mionzi imekwisha, kama chumba kinavyokuwa giza taa ikizimwa. Hutoki nayo, humwambukizi mtoto unayemnyonyesha, na hakuna kinywaji wala dawa ya "kuisafisha". Anayekuuzia dawa hiyo anakudanganya.

Nimeanguka, pamevimba, lakini bado natembea. Nisubiri?
Usisubiri. Kutembea si ushahidi kwamba mfupa ni mzima. Mzee aliyeanguka akalalamika maumivu ya kinena anaweza kuwa amevunjika shingo ya paja na bado akapiga hatua. Na tafadhali, msimkande! Tunaletewa mikono iliyokwisha kuunga ikiwa imepinda, imekandwa wiki nzima, na tukiuliza kilichowachelewesha tunajibiwa, "Tuliogopa mionzi." Mfupa uliounga vibaya huenda ukahitaji kuvunjwa upya kwa upasuaji. Linganisheni hilo na picha ya sekunde moja.

Na kikohozi?
Kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi na upigwe picha ya kifua. Ukikohoa damu, nenda leo.

Nina mimba. Nikatae?
Usikatae, na usifiche. Sema kabla hujaingia, hata kama ni kuchelewa siku zako tu. Picha ya mkono au ya kifua humfikishia mtoto mionzi kidogo mno. Ya tumbo au nyonga daktari ataipima faida yake, na mara nyingi ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi hii, inatosha.

Kama ni salama, mbona ninyi mnatoka chumbani?
Wewe utapigwa picha moja au mbili uende zako. Sisi tunapiga kutwa, miaka na miaka. Wale waliobaki ndani na wagonjwa wao ndio walioandikwa kwenye jiwe la Hamburg, na ukuta wa madini ya risasi tunaosimama nyuma yake umetokana na vifo vyao. Tukitoka hatukukimbii wewe. Mionzi haibaki mwilini mwako. Nimeshasema, na nitasema tena kwa kila atakayeuliza.

Basi nipige kila mara nijihakikishie?
Hapana, hilo nalo ni kosa. Picha ipigwe kwa sababu. CT-Scan, yaani eksirei inayopiga picha nyingi kuuzunguka mwili, ikiwa ya tumbo pekee hufika milisivati 8 hadi 10, kwa hiyo usiidai kwa wasiwasi tu. Zitunze picha zako za zamani uje nazo.

Nijiandae vipi?
Vua mkufu, saa na chochote cha chuma kilicho karibu na sehemu inayopigwa. Ukiambiwa vuta pumzi uishike, ishike, na usitikisike. Ukitikisika picha itarudiwa, na kurudia ndiko kunakokuongezea mionzi bure.