Saratani ya thairoidi ni ya ukoo ama sivyo?

Nafanya kazi ya hospitali hapa Malindi, na nikenda Lamu kwa wakwe hata chai siinywi kwa raha, kila mtu ana shingo ya kunionyesha. Sa maswali yao nayajibu yote kwa mpigo mmoja.

Shangazi yangu ana rovu, na mimi ntapata saratani?

Polepole. Rovu ni kuvimba kwa thairoidi, si saratani. Thairoidi ni tezi iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo, na yavimba kwa sababu nyingi, na vivimbe vya hapo vingi sana, zaidi ya 9 kwa kila 10, si saratani. Shangazi yangu mimi alilifunika lake kwa mtandio miaka chungu nzima, mpaka siku ya harusi mkufu ukakataa kufunga ndo sote tukashtuka. Akachotwa chembe kwa sindano nyembamba, zikapimwa, si saratani.

Kwa hivo hakuna ya kurithi?

Ipo, na hapa ndo nataka mtu atulie asome. Saratani ya thairoidi si aina moja. Inayopata wengi yaitwa papilari, na mara nyingi haitoki kwa mzazi kuja kwa mtoto moja kwa moja. Kuna nyengine yaitwa medulari, hiyo ni chache tu kwa kila 100, lakini katika hao wachache kama mmoja kwa kila wanne ameirithi. Jeni yake, yaani agizo la mwili linalorithiwa, ni RET, na tangu 1993 imejulikana kuwa ndo chanzo. Mzazi akiwa na kopi moja mbovu kati ya mbili zake, kila mtoto ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana, yaani wa kwanza kuirithi hakumuokoi wa pili.

Ndo utaona madaktari wamtoa mtoto tezi nzima kabla saratani haijaanza. Kuna hitilafu za RET ambazo hufanyiwa upasuaji kabla mtoto hajafika mwaka 1, nyengine ni akikaribia miaka 5, kisha ni kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote. Mama mmoja aliniuliza, "Mwamkata mtoto mzima, hata homa hana?" Ndio mama, twamkata akiwa mzima, manake medulari ikishasambaa kuitibu ni kazi.

Na ukiuliza wazee wako usiulize saratani peke yake. RET hiyohiyo yaweza kuleta uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, mtu presha yampanda ghafla, moyo wamdunda, jasho lamtoka, na akipasuliwa bila hilo kujulikana aweza kufa mezani. Kwa hivo uliza pia nani alikufa ghafla, nani alikua na presha za ajabu akiwa kijana.

Huku Lamu twaoana mabinamu, si ndo sababu?

La. Kopi moja mbovu yatosha, itoke kwa baba ama kwa mama, uwe umeoa binamu ama umeoa mtu wa Kisumu. Ubinamu waingia sana kwa magonjwa yanayotaka kopi mbili kama siko seli. Kama ukoo tayari una RET mbovu na nyote wawili mwatoka humo, hapo ni hesabu nyengine, lakini msimlaumu bibi na ndoa yake bure.

Na vile vipimo vya mate vya mtandaoni, vya kusoma jeni?

Mwaka 2009 watafiti wa Aisilandi walipata sehemu mbili za DNA, karibu na jeni FOXE1 na NKX2-1, na aliyezirithi zote mbili kwa baba na kwa mama hatari yake ya saratani ya thairoidi ni kama mara 5.7 ya asiye nazo. Yatisha, ila kidogo ukikizidisha mara tano bado ni kidogo. Kisha ile ya FOXE1 imejaa Ulaya, kwa Wajapani na Wachina ni haba zaidi, na Waafrika wamechunguzwa kidogo mno. Sasa sisi Wabajuni, Wagiriama, watu wa asili ya Hadhramaut kule Yemen, na waliochanganya vyote, kupimwa kwa mizani ya Ulaya ni kama kushonewa kanzu kwa kipimo cha mtu mwengine. Pesa yako wewe.

Chumvi je?

Chumvi yenye iodini yasaidia kuzuia rovu. Jeni haiirekebishi.

Basi twende sote tukapigwe skeni?

Hapana. Korea Kusini mpango wa kupima saratani ulianza 1999, watu wakaongeza na skeni ya shingo, kufika 2011 waliokutwa na saratani ya thairoidi walikua kama mara 15 ya 1993, na vifo vikabaki palepale. Wengi walikatwa vijivimbe ambavyo havingewadhuru.

Simama mbele ya kioo, vua mtandio, inua kidevu, piga funda la maji umeze. Ukiona uvimbe wapanda na kushuka, au sauti imekauka wiki kadhaa, au chakula chakwama, nenda. Wanawake hupata kama mara tatu ya wanaume, lakini mwanamume mwenye uvimbe asijifanye hauoni. Majibu yakitoka ni saratani, uliza: ni medulari? Ikiwa ndio, omba mgonjwa apimwe damu ya RET, na akikutwa na kopi mbovu basi ndugu zake na watoto wake wapimwe pia, hata wale ambao shingo zao ni laini kabisa.