Prova si sarafu ya makosa

Ile sarafu ya Italia ya lira 500 ya mwaka 1957, ya madini ya fedha, yenye merikebu tatu za Columbus, nimesikia tena ikiitwa "sarafu ya makosa", eti kwa kuwa bendera za merikebu hizo zinapepea kinyume cha upepo. Jina lake ni prova, yaani sarafu ya majaribio: vipande vichache vinavyopigwa chapa kabla sarafu haijaanza kutumika. Vya hii vilikuwa 1,004 tu.

Neno lenyewe linatosha kutusahihisha. Prova linatokana na kitenzi provare, kujaribu, nacho kimetoka katika Kilatini probare: kukipima kitu uone kama ni chema, kwa kuwa probus ni -ema. Kilicho kwenye mizani bado hakijahukumiwa. Sarafu ya makosa ni jambo jingine kabisa, ni mashine iliyoteleza: picha imegongwa mara mbili, au imekaa upande. Hapa mashine haikuteleza popote. Ilitoa merikebu kama alivyozichora Guido Veroi, na upande wa pili ikatoa kile alichochonga Pietro Giampaoli: mkewe, Letizia, amevaa kizamani, kazungukwa na ngao ndogo 19. Uso mzuri, nao hausemwi sana kwa sababu watu wote wanatazama bendera.

Bendera hizo katika prova zinapepea kushoto, kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, ilhali matanga yamejaa upepo na omo, yaani mbele yake, inatazama kulia. Waitaliano wanaziita bandiere controvento, bendera zilizokwenda kinyume cha upepo. (Bandiera ya kwao na bendera yetu tuliyoipata kwa Wareno ni ndugu.) Lawama ina msingi. Bendera hufuata upepo, na chombo kinachosukumwa kutoka nyuma huenda polepole kuliko upepo unaokisukuma, kwa hiyo bendera yake hutangulia mbele. Nahodha yeyote wa jahazi anajua hivyo bila kufundishwa. Lakini nahodha huyohuyo anajua kupiga bisho. Chombo kikiukabili upepo kwa mshazari, bendera hurudi tezi, na matanga bado yanavuta. Kwa hiyo hata hilo kosa la mchoro lina utetezi wake, ingawa mimi nikiyatazama matanga yale yalivyovimba naona waliolalamika walikuwa na haki.

Zilizotolewa kwa matumizi kuanzia 1958, gramu 11, fedha sehemu 835 katika 1,000, zina bendera zilizogeuzwa kulia. Ndiyo kazi ya jaribio: lilionyeshwa, likasemwa, likarekebishwa.

Basi ukiletewa lira 500 yenye bendera za kushoto, tafuta kwanza neno PROVA lililoandikwa upande wa merikebu. Likiwapo, iite kwa jina hilo, au sema sarafu ya majaribio. Lisipokuwapo, mwulize muuzaji ameipata wapi.