Kuwajibika hakutokani na kujibu

Mwaka huu nimeisikia mara tatu, katika semina tatu tofauti. Mwezeshaji yuko mbele ya wakufunzi, mada ni matumizi ya akili mnemba yenye uwajibikaji. Anaandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, kisha analikata kwa kistari: WA-JIBIKA. "Mnaona? Ndani yake kuna jibu. Kuwajibika ni kuwa tayari kujibu." Ukumbi unaafiki, wenye daftari wananakili. Wote watatu walikuwa watu wanaojali kazi yao, na mengi waliyofundisha yalinifaa. Lakini hilo la kistari si kweli, na kosa lake linagusa kiini cha mada yenyewe.

Maana kwanza, kwa ufupi. Mwalimu anatumia akili mnemba kwa uwajibikaji pale anapoiagiza programu itunge maandishi, maswali au maoni, na dhima ya kilichotoka ikabaki kwake yote. Amekisoma, amekihakiki, anaweza kueleza kimepatikanaje, na kikiwa na kosa, kosa ni lake. Mengine tunayofundishwa, kama kutoingiza taarifa za siri za wanafunzi kwenye programu hizo au kuwaambia wazi ni wapi tumezitumia, yanazaliwa na hilo.

Sasa neno lenyewe. Wajibu tumeupokea kutoka Kiarabu, na herufi za shina lake ni wau, jimu na be. Jibu nalo ni la Kiarabu, ndugu wa jawabu, lakini shina lake ni jimu, wau na be. Herufi ni zilezile tatu, mpangilio mwingine, kwa hiyo ni mashina mawili yasiyo na undugu. Hiyo wa- ya mwanzoni si kiambishi cha kukatwa kwa kistari, ni mwili wa neno. Na sarufi ya Kiswahili peke yake ingetosha kututahadharisha: jibu ukiliongezea -ika unapata jibika, na kinachojibika ni swali. Mtu hajibiki. Wajibika umbo lake ni la lazimika. Lazima, lazimika, lazimisha. Wajibu, wajibika, wajibisha.

Kinachonivutia zaidi ni maana ya kale ya shina hilo. Katika Kiarabu, pamoja na kulazimu, kitenzi chake hubeba maana ya kuanguka. Jua likizama husemwa kwa kitenzi hichohicho. Wajibu, basi, ni kitu kilichokuangukia na kutua juu yako. Hakijakuuliza kitu, wala hakingoji jibu. Waliosoma fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, wanajua namna faradhi ya aini inavyomkaa kila mtu shingoni pake, tofauti na ya kifaya ambayo wachache wakiitekeleza inawaondokea wengine. Uzito wa neno uko upande huo wa shingoni.

Kwa nini ninalikazania hivi? Kwa sababu kujibu ndiyo kazi ambayo programu hizi zinaiweza kuliko zote. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, ni nadra swali unaloiuliza likakosa jibu, na jibu huja kwa sauti ya anayejua. Mwaka 2023 wakili mmoja wa New York aliiuliza kama kesi ilizomtajia ni za kweli. Ikajibu ndiyo. Hazikuwepo, lakini zilipelekwa mahakamani, na Juni mwaka huo jaji akawatoza mawakili waliohusika faini ya dola 5,000. Mwezi mmoja kabla, mwalimu wa chuo kikuu kimoja huko Texas alikuwa ameingiza kazi za wanafunzi wake kwenye programu hiyohiyo, akaiuliza kama imeziandika yenyewe. Ikajibu ndiyo, na baadhi ya wanafunzi wakazuiliwa alama. Programu hiyo haina kumbukumbu ya kila ilichowahi kumwandikia kila mtu. Inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, basi. Kama kuwajibika kungekuwa kujibu, mashine ingekuwa imewajibika mara zote mbili.

COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ililiweka sawa mapema 2023: programu ya akili mnemba haiwezi kutajwa kuwa mwandishi wa makala ya kitaaluma, maana haiwezi kubeba dhima ya kazi iliyowasilishwa. Hawakugusa kabisa suala la kama inaandika vizuri.

Liko kosa la pili, ndugu wa hilo la kwanza. Miongozo mingi ya vyuo ninayoletewa niisome ina kichwa "Uwajibikaji", halafu aya zote chini yake zinahusu kuwawajibisha wanafunzi. Hiyo -ish- inahamisha mzigo: anayewajibika ameubeba mwenyewe, anayewajibishwa ametwishwa na mwingine. Tumeizoea lugha ya siasa ambamo kuwajibika ni kujiuzulu na kuwajibishwa ni kufukuzwa, hata neno likaanza kunuka adhabu. Matokeo yake mwalimu anaona kazi yake ni kukamata, anakimbilia vigunduzi, yaani programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, walikuwa na kigunduzi chao, nacho kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai 2023 wakakiondoa kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Mwalimu anayemfelisha mwanafunzi kwa sababu kigunduzi kimesema hivyo, uamuzi amemwachia nani?

Nilivyoliona neno hili likitendwa ni hivi. Mwanafunzi aliingia ofisini kwetu na insha ya kurasa nne, akamwamkia mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja, akaiweka mezani imefunguliwa ukurasa wa mwisho. Kwenye maoni ya mwalimu palikuwa pameandikwa: "Hitimisho lako linafunga hoja zote tatu kwa ustadi." Insha haikuwa na hitimisho. Ilikatikia katikati ya sentensi, muda ulikuwa umemwishia. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "nimeshindwa kuelewa, hitimisho lipi?"

Mwenzangu angeweza kusema programu imekosea, na asingekuwa amedanganya. Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Haya sikuyaandika mimi, na sikuyasoma kabla ya kuweka sahihi. Nisamehe. Keti." Akaisoma insha yote palepale, kalamu mkononi, akafuta maoni yale na alama yake. Alama mpya ilikuwa ya chini kuliko ya kwanza, na mwanafunzi aliipokea. Jioni ile alitoa tena mafungu yote mawili ya insha za darasa lile akaanza upya. Bado anaitumia programu kuandaa maswali ya mazoezi. Kusahihisha anasahihisha mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa wawezeshaji ninaowaheshimu, ombi langu ni dogo. Ubaoni acheni WAJIBIKA likae zima, na pembeni yake wekeni LAZIMIKA, watu waone neno limejengwaje. Na kwa wanaoandaa miongozo: ile sentensi inayosema "mwanafunzi atakayebainika atawajibishwa" ibaki ikibidi, lakini itanguliwe na nyingine inayoanza, "Mwalimu anawajibika kwa kila alama na kila maoni yaliyotoka kwa jina lake, hata yawe yametungwa na nini."