Kukomaa na drams masaa manne mfululizo sio lazima ndo uive haraka

Kuna imani ya siku nyingi kwamba anayejifunza drams akikaa kwenye seti masaa manne wikendi, tena kwa spidi, ndo anaiva haraka. Inaeleweka, maana siku hiyohiyo ukimaliza unajiona umeshaweza kabisa.

Shida iko kesho yake. Mikono inashika kile unachokirudia, sasa ukikimbiza spidi usiyoimudu unakuwa unarudia makosa, kijiti cha kushoto kinachelewa na wewe husikii kwa sababu ya kelele za matoazi. Ndo maana walimu wengi wanapendelea vipindi vifupi vya kila siku, hata nusu saa: unapasha mikono kidogo, rudimenti moja (zoezi fupi la msingi la mikono), biti moja, mwisho wimbo unaoupenda (huu usiuruke, ndo unakurudisha kwenye seti kesho).

Unaweza kujipima mwenyewe. Chukua paradido, yaani kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, weka metronomu (kifaa au app inayolia kwa mwendo sawa) kwenye 60, yaani milio 60 kwa dakika, piga mapigo manne kwa kila mlio, halafu jirekodi na simu. Ukisikiliza utajua tu kama kushoto kunafifia. Ikiwa safi ongeza 5, ikivurugika shuka. Fanya hivyo wiki mbili hivi, kisha linganisha rekodi ya kwanza na ya mwisho. Na mkono ukiuma pumzika kwanza, mara nyingi inakuwa umekaba kijiti badala ya kukiacha kidunde chenyewe.